Shahidi wa pili wa Papa Lambert

Jua bado halijavuka mapaa ya karakana za Jeppestown, na Denise Kavugho, msusi wa kando ya barabara, anapasha vidole joto kwenye kikombe cha chai. Hapendi kumgusa mteja kichwani kwa vidole vya baridi. Kisha anaweka kikombe chini, anaanza kusuka.

Mteja wa Jumamosi hii ya Mei 2019 ni Agnès, mshonaji anayeishi jengo moja naye, Mkongo mwenzake mwenye karatasi na mwanachama wa chama kimoja naye. Kando yao, juu ya kreti ya soda, ameketi Papa Lambert, fundi viatu wa miaka sabini na mmoja. Amekuja kuandikishwa apige kura.

Kura hiyo si ya serikali. Ni ya chama cha kuzikana cha Wakongo wa mtaa huu, na itapigwa kesho. Wasio na karatasi za kuishi nchini hawakuwa wakipiga kura, wala chama hakikuwazika. Mwaka huu wanaweza kuandikishwa kwa simu, mradi wanachama wawili wenye karatasi waingize namba za karatasi zao na kusema wanamjua mtu huyo. Mwisho ni leo saa sita mchana.

Karatasi za Papa Lambert ziliungua pamoja na chumba chake. Mwaka jana mkewe alifariki, akakaa mochari wiki tano, mwishowe akazikwa na manispaa.

"Sikuambiwa siku ya kumzika," anasema. "Nilifika kaburi limeshafukiwa."

Denise ameshaingiza namba yake. Shahidi wa pili hajapatikana. Nyaboke, Mkenya wa benki huko Sandton anayesukwa hapa, alijitolea, lakini simu ilimkataa kwa kuwa si mwanachama. Kesho yake alirudi na koti la mumewe. Ndilo alilovaa mzee.

"Agnès, mdogo wangu, Papa unamjua," Denise anasema huku anasuka.

"Namjua. Viatu hivi kavishona yeye."

"Basi."

"Basi nini, Mama Denise? Nikiingiza namba yangu, nani anaisoma huko inakokwenda? Kaka yangu aliwapa jina watu wa msaada, wiki haikuisha polisi wakagonga."

"Huenda si wao waliowaita."

"Huenda. Lakini yuko Goma sasa, na karatasi alikuwa nazo kama zangu."

Papa Lambert anacheka kidogo. "Mwache binti. Wakimrudisha na yeye, hii suruali yangu nani ataitia kiraka?"

Siku nzuri Denise hupata randi mia tatu, na nusu huishia kwenye kodi. Alitoka Butembo miaka kumi iliyopita. Mama yake yuko huko bado, na Desemba, Wakongo wengine walipopiga kura ya rais, watu wa mji wake waliambiwa wangoje.

"Mama yangu kitambulisho anacho, kaambiwa angoje. Papa hapa hana, naye kaambiwa angoje," anasema. "Mi sijui wanataka nini."

Saa sita inapita. Denise anatazama simu. "Eish. Wamefunga."

Agnès analia bila sauti. Denise hamlaumu. Anamfuta machozi kwa ncha ya kitambaa na kummalizia nywele taratibu, bila kumvuta. Akishasukwa, Agnès anavuka barabara na kurudi na mkate na parachichi, anampa mzee kwa mikono miwili.

Wagombea wa uenyekiti wa chama ni wawili. Glody ameahidi kuwajengea wasusi banda, na Denise amekuwa akingoja kwa hamu kumpigia kura, maana mvua humfukuza kazini. Murielle ameahidi kumzika kila Mkongo wa mtaa, awe na karatasi au hana.

"Papa, ungempigia nani?"

"Murielle."

"Basi kesho nampigia Murielle."

"Na banda lenu?"

"Nitanunua mwavuli."

Jumatatu Denise hatafungua kazi. Atampeleka mzee akaanze kutafuta karatasi upya, ili uchaguzi ujao, miaka miwili kutoka sasa, asihitaji shahidi.

Papa Lambert anafunga vifungo vya koti. "Kesho mnaanza saa ngapi?"

"Saa tatu. Lakini hawatakuruhusu kuingia, Papa."

"Najua. Nitakaa nje."