Matonge Aliyokula Mbwa Wetu

Mume wangu alikuwa hodari wa kufukuza nguruwe pori, lakini kidonge kichungu cha malaria kilimshinda. Akikitia mdomoni, anakitema. Kwa hiyo kila alipougua nilimfichia vidonge ndani ya matonge ya ugali wa muhogo, nikayachovya kwenye mchuzi wa samaki, akameza bila kutafuna. Wanawake wengi wa huko kwetu Kitaya tulifanya hivyo. Tulikuwa bado tunakaa mashambani, kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa.

Asubuhi hiyo nilitaka kuwahi kuokota korosho. Badala ya kufinyanga tonge la dozi moja, nikafinyanga dozi zote zilizobaki. Sahani nikaiacha barazani, kando ya kitanda chake.

"Utakula moja saa hii, mengine baadaye. Umesikia?"

"Mmh."

Homa ikamlaza. Mbwa akala yote.

Mbwa yule ndiye aliyelinda muhogo wetu. Usiku akibweka, nguruwe wanakimbia, sisi tunageuka upande wa pili na kuendelea kulala.

Niliporudi nikakuta sahani imerambwa, na mbwa anachuruzika mate. Nilielewa palepale, nisidanganye. Lakini nilikuwa nimetawadha kisimani kwa sala ya adhuhuri, na mate ya mbwa yakikupata ni kunawa mara saba, mara moja kwa udongo. Nikasema nisali kwanza. Nikasali. Kisha nikala. Mama mkwe alipouliza mbwa ana nini, nikamwambia ni jua.

Mbwa akaanza kuyumba. Mama mkwe akanijia juu.

"Jua gani hili la kumlewesha mbwa? Amekula nini?"

Nikamweleza.

"Na wewe umekaa!"

"Mama, nilikuwa na udhu."

"Udhu! Maji yapo, udongo umejaa uwanja mzima. Uvivu wa kunawa huo, usimsingizie Mungu. Mbebe!"

Nikambeba. Shemeji yangu akamtia kwenye tenga nyuma ya baiskeli, mimi nikafuata mbio hadi kwa bwana mifugo.

"Amekula lini?" akauliza.

"Sasa hivi."

Aibu ndiyo iliyojibu. Akachukua chupa ya kumtapisha, akamshika taya. Nilipoona kichwa cha mbwa kinaanguka mkononi mwake, nikapiga kelele.

"Hapana, bwana! Tangu asubuhi. Mimi nimeona adhuhuri."

Akaiweka chupa chini.

"Si ungesema, mama! Amelegea hivi, dawa ingemwingia mapafuni. Ungekuja pale ulipoona sahani tupu, na karatasi ya vidonge mkononi. Ilikuwa dawa gani? Vingapi?"

Karatasi nilikuwa nimewashia moto.

Alifanya alichoweza. Mbwa akafia uani pake, jua halijazama. Tulimzika pembeni mwa muhogo, na mama mkwe akanimiminia maji mikononi, mara zote saba.

Msimu ule nililala dunguni mimi, juu ya jukwaa la kulindia shamba, nikipiga debe kufukuza nguruwe. Walikula nusu ya shamba.

Mume wangu hakunigombeza. Zahanati walipompa vidonge vingine nilimfinyangia tonge, dozi moja tu. Akalipasua, akatoa vidonge, akavitafuna vikavu huku ananitazama. Tangu siku hiyo hakutaka tena tonge langu la dawa.