LaRue na Gari Lililokataa Kunyooka

LaRue Tolboe aliendesha basi la shule hapa Cedar Gap, kusini mwa jimbo la Yuta, Marekani, kwa miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Nalisema hili mapema ili uelewe kwa nini mtaa mzima tulibaki midomo wazi Jumamosi ile alipoacha barabara, akavuka mtaro, akaingiza gari katikati ya nyanya za askofu.

Askofu wetu, kama maaskofu wote wa kanisa letu, ana kazi yake ya kila siku, maana uaskofu kwetu hauna mshahara. Yeye ni fundi bomba. Asubuhi ile alikuwa bustanini na fulana, anamwagilia. Gari la LaRue lilikuwa na mizinga miwili ya nyuki nyuma. Mmoja ukapinduka. Askofu aliangalia wingu lililotoka mle, akatupa mpira wa maji, akakimbilia mfereji wa kumwagilia mashamba na kujitosa mzimamzima, kofia ikaelea juu.

"Dada Tolboe!" alipiga kelele alipoibuka. "Kama nimekukosea, si ungeniambia tu!"

LaRue alishuka taratibu, akavaa wavu wake wa uso, akaurudisha mzinga wima. Kisha akasimama akiliangalia gari lake jinsi alivyokuwa akimwangalia mtoto aliyetema chingamu yake kwenye kiti cha basi.

Mimi ni jirani yake, nyumba yangu na yake zinatazamana, kwa hiyo chanzo cha mambo haya nakijua. Alipostaafu kuendesha basi alibaki na nyuki. Alikuwa na mizinga thelathini, na kila Juni alitamani kuipandisha uwanda wa juu, kule ambako maua huchanua wakati huku chini jua limeshakausha kila kitu. Njia ya kule inapita kati ya miamba miwili iliyobanana, na malori ya watu hayapiti. Basi akanunua kijigari cha Kijapani cha kupanda milima, cha zamani, chembamba kama kabati. Kati ya miamba kilipita vizuri. Tatizo lilikuwa ngazi za mawe mbele yake: tumbo la gari lilikwama juu ya jiwe, magurudumu yanazunguka hewani.

Akaamua kulinyanyua. Alifunga springi ndefu zaidi, na vile vipande vya chuma vinavyoning'iniza springi kwenye chasisi akaviondoa akaweka virefu. Gari likapanda inchi tatu. Alifanya kazi hiyo mwenyewe, mwezi wa Mei, redio ikiimba. Lilipokamilika lilikuwa zuri kweli, limesimama kama beberu juu ya ukuta.

Ila barabarani likawa halisikii. Ukilielekeza mbele, linatafuta pembeni. Ukikata kona, usukani haurudi wenyewe, mpaka uurudishe kwa mikono. Na kila likipita kwenye bonde la barabara au tuta, linaruka upande uleule, kushoto, kama mtu amelivuta sikio. Bonde lililo mbele ya nyumba ya askofu ndilo lenye kina kuliko yote mtaani.

Mwenye gereji pekee mjini ni Orval Tolboe, kaka wa Thayne, mume wa LaRue. Orval ni fundi mzuri na mdomo wake haufungwi. Habari za nyanya zilimfikia kabla LaRue hajafika.

"Karibu shemeji!" alimpokea. "Umeniletea saladi?"

"Nimekuletea gari. Acha maneno uliangalie."

Orval alilizunguka mara moja, mikono mfukoni. "Mimi nilikwambia. Ukishanyanyua gari dogo hivi, ndiyo basi tena. Limeharibika tabia. Funga shokapu ya usukani, ya kuuzuia usicheze, litatulia."

"Una hakika?"

"Shemeji, nimeanza kazi hii hujajua hata kufunga mkanda."

Akaifunga hiyo shokapu. LaRue akalipeleka gari hadi kituo cha mafuta na kurudi. Liliruka vilevile, safari hii kwa uvivu zaidi. Aliporudi Orval akamshauri alishushe tu kama lilivyokuwa, nyuki wakae huku chini kama nyuki wa watu wengine.

Nilimwona jioni ile, jua bado liko juu, amekaa kwenye ngazi za nyumba yake. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anafikiri. Thayne alimletea kipande cha mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Thayne huoka mikate, na kuhusu magari anajua mahali pa kutia ufunguo, basi.

"Mke wangu, lirudishe tu chini," alisema.

"Thayne, nimeendesha basi la futi arobaini kwenye barafu. Gari haliruki kwa tabia. Linaruka kwa sababu."

Kesho yake ni Jumapili, hatufanyi kazi. Jumatatu asubuhi aliniita ng'ambo ya barabara.

"Jirani! Una kilo ngapi?"

"Hilo swali gani la asubuhi?"

"Jibu tu."

"Sikosi mia na kumi."

"Safi sana. Njoo na viatu."

Akatupandisha mimi na Thayne juu ya bampa la mbele, yeye akasimama mlangoni, na usukani hakuna aliyeushika. "Rukeni," akasema. Tukaruka. Watu wazima wawili, mmoja ana unga kwenye nywele, tunadunda juu ya bampa mbele ya barabara. Dada mmoja wa kanisani alipita na gari, akapunguza mwendo, akaongeza tena.

"Simameni! Hapana, rukeni! Thayne, angalia ndani!"

Tukaangalia. Usukani ulikuwa unajizungusha wenyewe. Tukishuka unaenda huku, tukipanda unarudi kule, kama kuna mzuka ameshika zamu.

LaRue alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaingia uvunguni, akatuita tukaingia pia, tukalala watatu kwenye turubai. Akatuonyesha fimbo ya chuma inayotoka kwenye kisanduku cha usukani kwenda kwenye gurudumu la upande wa pili. "Zamani hii ilikaa karibu kulala," alisema. "Mimi nimenyanyua bodi, na kisanduku kimepanda pamoja na bodi, ila gurudumu limebaki chini. Sasa fimbo imeinama kama paa la nyumba. Springi ikibonyea, fimbo inataka kulala, na ikilala inasukuma. Inasukuma nini? Gurudumu! Mimi nimeshika usukani sawasawa, kumbe gari linajikatia kona lenyewe."

"Na ile ya kutangatanga?" nikauliza.

Hapo akatoa timazi, ule uzi wenye kipande cha risasi cha kupimia wima, na kipimamaji. Alipima muda mrefu, anaandika kwa chaki sakafuni. Aligundua kwamba vile vipande virefu viko ncha ya mbele ya springi, kwa hiyo springi imeinamisha pua, na ekseli iliyokaa juu yake imeinama nayo. Mhimili ambao gurudumu hugeukia likikata kona, ambao kichwa chake kinatakiwa kulala nyuma kidogo, sasa ulikuwa umesimama wima. Alimweleza Thayne kwa kigari cha kubebea bidhaa dukani: yale magurudumu ya mbele yanafuata kwa utulivu kwa sababu yanaburutwa nyuma ya mhimili wake. Ukiondoa huo mburuto, gurudumu halijui mbele ni wapi.

Dawa ya hilo ni kabari za chuma, mbili, za kuweka kati ya springi na ekseli. Aliagiza zenye mwinamo wa nyuzi nne, zikaja Alhamisi, akazifunga siku hiyohiyo, akalitoa gari kwa shangwe.

Likawa baya maradufu. Lilimpeleka mpaka kwenye uzio wa shule, mbele ya Orval aliyekuwa kwenye benchi anakula baga.

"Shemeji!" Orval alisema, mdomo umejaa. "Hilo gari linakunywa nini? Maana sisi wa kanisa hatunywi pombe!"

LaRue alirudi nyumbani mwendo wa kobe. Safari hii aliumia moyo, nilimwona. Alikaa mezani, chai ya mnanaa ikapoa. Halafu akachukua kisu cha Thayne, akakata kipande cha siagi kwa mshazari, akakiweka chini ya kitabu, akakigeuza, akakirudisha. Akaanza kujipiga paji la uso.

"Nimeziweka kinyumenyume! Sehemu nene inatakiwa ielekee mbele, ili ekseli inyanyue pua. Mimi nimeielekeza nyuma. Nimeiinamisha zaidi, mjinga mimi!"

"Mjinga asingejua," Thayne alisema. "Na hiyo siagi ilikuwa ya keki."

Asubuhi alizigeuza. Gari likaanza kushika njia, na usukani ukaanza kurudi wenyewe baada ya kona. Kilichobaki ni ile fimbo iliyoinama, na hiyo hakuweza peke yake. Ncha yake ilifungwa kwa chini kwenye mkono wa gurudumu. Alitaka ifungwe kwa juu, ili fimbo ilale tena. Lakini tundu lile lina umbo la koni, pana upande mmoja, na kulichonga upya kunahitaji mashine na mkono usiotetemeka. Mashine ilikuwa moja tu mjini.

Alienda na mchoro. Nilifuatana naye, nikitegemea vita. Orval aliuchukua ule mchoro kwa dharau, akausoma, akausoma tena. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nani amekuchorea?"

"Mimi."

"Usukani unajizungusha wenyewe mkidunda?"

"Njoo udunde."

Akadunda. Orval Tolboe, mwenye gereji, alidunda juu ya bampa la shemeji yake mpaka kofia ikaanguka, anatazama usukani kupitia kioo. Alipotua chini aliokota kofia yake.

"Shemeji," alisema, "nimewafungia watu hizi shokapu miaka kumi na tano."

"Basi chonga tundu, tuanze upya."

Alichonga siku nzima, hakutaka hata kusemeshwa. Alibana kila nati mara mbili na kuichomekea pini. Wakaunyoosha usukani uliokuwa umepinda kwa sababu ya fimbo, wakafunga mbao mbili zilizonyooka kwenye magurudumu ya mbele, wakapima kwa utepe nafasi ya mbele na ya nyuma hadi magurudumu yakatazama njia moja. Wakamwita Thayne, wakatupandisha tena bampani. Tuliruka kama wendawazimu. Usukani ukatikisika kidogo tu, ukatulia.

LaRue akaendesha. Orval alikaa kando yake, mimi nyuma na magoti kidevuni. Tukafika kwenye bonde la askofu. Askofu mwenyewe alikuwa bustanini. Alipotuona alisogea karibu na mfereji. LaRue akaongeza mwendo, tukazama bondeni, tukatoka, gari likaenda mbele kama limechorewa mstari. Kisha akaachia usukani kabisa, mikono juu, akapiga ukelele wa furaha ambao sikuujua kwamba uko ndani yake.

"Shika usukani, mama weee!" Orval alilia.

"Nishike wa nini? Linajua njia!"

Wiki iliyofuata alipandisha mizinga thelathini, sita kila safari. Kwenye zile ngazi za mawe gari lilipanda likinung'unika, jiwe kwa jiwe, tumbo halikugusa. Safari ya mwisho tulienda wote, Thayne na mikate miwili. Uwanda ulikuwa wa njano na zambarau mpaka upeo, na nyuki walipofunguliwa walizunguka mara moja tu, wakaingia kazini. Tulikula mkate na asali ya mwaka jana tumekaa kwenye bampa lile lile. Askofu, aliyetembea kwa miguu nyuma yetu kwa tahadhari, alipewa kipande kikubwa kuliko wote.

Sasa kila Jumamosi watu wenye magari yaliyonyanyuliwa wanatoka hata ng'ambo ya milima kuja kwa Orval, na Orval anawaambia wasubiri fundi. LaRue anafika na timazi mfukoni, anauliza mwenye gari ana kilo ngapi, anampandisha bampani. Mwezi uliopita Orval alitaka kubadilisha kibao cha gereji, aongeze jina la shemeji yake.

"Kimeandikwaje sasa?" LaRue aliuliza.

"Gereji ya Tolboe."

"Mimi naitwa nani?"

Orval akafunika kopo la rangi, akarudi kazini.