Prosesa ya Kushoto

Mtanisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande, na maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia, kwa kuwa niliishia darasa la sita. Mwaka uliofuata shule yetu ilijaa watu waliokimbia vita vilimani. Naandika polepole. Lakini kusema na watu ni kugumu zaidi kwangu, kwa hiyo naandika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilifanya kazi na mjomba wangu Jabe, karibu na soko. Mlangoni paliandikwa kwamba tunapiga chapa na kutoa fotokopi, ila kilichotulisha kilikuwa video za harusi. Mjomba alizipiga kwa kamera, mimi nikaziingiza ndani ya kompyuta, nikakata, nikaweka nyimbo. Kompyuta yetu ilitoka kwenye ofisi moja ya wazungu walioondoka kwa sababu ya vita. Ilikuwa na prosesa mbili, ndizo akili za kompyuta, na ziligawana kazi kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: akichoka mmoja, mwenzake naye anasimama.

Siku moja alikuja mama anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Ndagala zake alizifuata ufukweni Kajaga asubuhi, na harufu yake iliingia kabla yake. Mumewe aliuawa njiani, basi lao lilipovamiwa, na mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Jumamosi ya wiki ile familia ingeondoa kilio. Wasiojua mila yetu, ni hivi: watu wanakutana, wanakunywa, wakubwa wanasema maneno ya mwisho juu ya marehemu, mjane anavua nguo za msiba, na msiba umefungwa.

Alitoa kaseti ya harusi yake ndani ya kitenge. Ilikuwa imeingia maji walipokimbia.

"Sijawahi kuiona yote," alisema. "Hatukuwa na televisheni. Mutoto wangu mudogo hajui sura ya baba yake. Siku ile nataka amuone, mbele ya watu wote."

"Jumamosi utaipata, mama," mjomba alijibu.

Niliiingiza kaseti. Ilicheza mara moja tu, na ilipokaribia kwisha utepe ukakatika na kujikunja ndani ya mashine. Picha zote zilikuwa zimeshaingia kwenye kompyuta, ila sasa hazikuwa mahali pengine popote duniani. Na zilikuwa vipande vipande, sauti mbali na picha. Ilibidi kompyuta izipike pamoja, yaani iziunganishe ziwe filamu moja, kabla ya kuzihamishia kwenye kaseti mpya, na kupika huko kulichukua saa saba.

Umeme wetu siku zile ulikuja saa sita mchana na kuondoka saa kumi na mbili jioni. Muda wa saa sita tu. Ukikatika, kompyuta inaanza upya. Jumatatu ulikatika karibu na mwisho. Jumanne vilevile.

Mjomba alijua kwamba mwendo wa prosesa unaweza kuongezwa. Ukiwasha kompyuta unaingia kwenye ukurasa wa bluu, unabadilisha namba, nayo inakimbia zaidi. Jumatano tulijaribu. Baada ya robo saa kioo kiliganda. Nilirudi kwenye ukurasa ule nikatazama joto: prosesa ya kulia nyuzi hamsini na tano, ya kushoto sabini na nane.

Mjomba aliweka mkono juu ya ile ya kushoto akautoa haraka. "Iyi ni mbabula. Tunaweza kupikia maharagi."

Juu ya kila prosesa kuna kipande cha alumini chenye mapezi, kinachovuta joto, na feni inalipuliza nje. Tunakiita radiateri. Nilizivua zote mbili nikazibadilisha nafasi, ya kulia nikaipeleka kushoto. Nilipowasha, joto nalo lilikuwa limehama, prosesa ya kulia ndiyo inayoungua. Basi ubovu haukuwa wa prosesa. Ulikuwa wa radiateri.

Kwa macho ilionekana sawa. Ndipo nikachukua kidau cha wino wa mhuri, nikaibonyeza radiateri ile humo upande wa tumbo, halafu nikaigonga kwenye karatasi. Ilitoka alama ya duara, katikati peupe. Ilikuwa na bonde. Prosesa inakaa hapo hapo katikati, ikawa inagusa tu ile dawa nyeupe inayopakwa katikati ili kupitisha joto, na dawa yenyewe mtu wa zamani alikuwa ameipaka nene kama siagi.

Nilitandika karatasi ya msasa juu ya kioo cha fotokopi ya zamani, nikaanza kuisugua radiateri iwe bapa. Nilisugua asubuhi yote ya Alhamisi, nikizungusha kidogo kidogo, kisha wino, kisha karatasi. Karatasi nilizobandika ukutani zilijaa alama za mhuri usio na jina. Mteja mmoja aliuliza kama tumefungua ofisi ya serikali. Peupe palipungua hadi pakawa kama punje ya mchele, halafu pakaisha. Nilifuta dawa ya zamani, nikapaka kidogo sana, utando tu, nikaifunga tena upande wake wa kushoto.

Umeme ulipokuja nilisoma: hamsini na tano, hamsini na saba.

Sijui kama mtaelewa furaha yangu. Vilimani milio ya risasi ilikuwa ikisikika tangu asubuhi na hakuna aliyeweza kuituliza, lakini namba hizi mbili nilikuwa nimezisogeza mimi. Niliongeza mwendo kidogo. Kompyuta ikakimbia bila kuganda. Nilipiga hesabu: kwa mwendo ule, filamu ingeiva kwa saa tano na nusu. Siku ile kujaribu kulikuwa kumekula zaidi ya nusu saa, tulikuwa tumechelewa kuanza. Kesho, Ijumaa, ingetosha.

Ijumaa asubuhi mjomba aliinama juu ya bodi.

"Dakika makumi tatu tu za kubaki? Umeme ukichelewa kuja je? Tuongeze tena."

"Itaungua, mujomba."

"Haiungue kama imekazwa muzuri. Angalia iyi kibanio, inacheza. We unaogopa mashini kuliko risasi."

Alikata kipande cha kopo la maziwa, akakikunja mara mbili, akanipa nikiweke chini ya kibanio kinachoshikilia radiateri ya kushoto, ili kibane zaidi. Nilijua kwamba radiateri ikishagusa vizuri haihitaji nguvu. Prosesa ile haina kifuniko. Ni jiwe dogo jeusi, jembamba, lenye kona kali. Nilijua yote haya, na maneno yalikuwa mdomoni. Lakini yeye ndiye aliyenilea, na mimi sijui kumwambia mkubwa apana. Niliweka bati. Nikasukuma kibanio kwa bisibisi.

Ulisikika mlio mdogo, kama mchanga unapoutafuna kwenye wali.

Umeme ulipokuja kompyuta haikuwaka. Niliivua ile prosesa ya kushoto, kona yake ilikuwa imemeguka. Nikaiacha ya kulia peke yake, nayo ikawaka, na picha zote zilikuwa salama. Lakini kupika kwa prosesa moja kulihitaji saa kumi na mbili. Nilikaa mbele ya kioo nikitazama asilimia zikipanda, nikijua haziwezi kufika. Mjomba hakunilaumu. Alitoka nje akasimama kwenye baraza muda mrefu.

Jumamosi mama yule alimtuma mtu mara mbili. Mara ya pili mjomba alimwambia, "Tumeshindwa."

Wiki mbili baadaye, Jumapili, umeme ulikaa tangu alfajiri hadi jioni bila mtu kujua sababu. Filamu iliiva. Nilitoa kaseti, nikaitazama yote. Bwana harusi anacheza vibaya, anamkanyaga bibi harusi mguu, wote wawili wanacheka.

Nikaipeleka. Mlangoni alinipokea kaka mkubwa wa marehemu.

"Ni nini?"

"Ni ile kaseti, baba."

Hakuishika. "Kilio tumekimaliza. Maneno ya mwisho yamesemwa. Mutu hatumurudishe mu nyumba kisha ya pale."

Mama yule alikuwa nyuma yake, amevaa kitenge cha njano. Mtoto mdogo alikuwa mgongoni mwake. Mama aliitazama kaseti, kisha akamtazama shemeji yake.

"Asante, mutoto wangu," alisema. "Rudi nayo."

Nilirudi nayo. Ninayo mpaka leo. Namwona sokoni mbele ya ndagala zake, na kila mara napita upande wa pili. Sijui kama nimpe kimya kimya, au nimngojee yule mtoto akue aulize mwenyewe, au kama shemeji alisema kweli na mimi ndiye ninayemweka marehemu mahali pasipo pake. Mjomba hataki tuzungumze habari hiyo. Wewe unayesoma, kama unazijua mila hizi, au kama kwenu lilitokea jambo la namna hii, niandikie. Mistari miwili inatosha. Nasoma polepole, lakini nasoma mpaka mwisho.