Mishale Iliyoondoka Pamoja

Gari alilokuwa akiendesha mjukuu wangu lilikuwa zima kila mahali isipokuwa usoni. Injini inanguruma vizuri, breki zinashika, lakini zile geji zilizo mbele ya dereva zilikuwa zimeingia wazimu. Akiwasha indiketa, mshale wa mafuta unalala chini kama tangi limekauka, na mshale wa joto unapanda juu kama injini inataka kuungua. Akizima, inarudi mahali pake. Akiwasha taa kubwa ndiyo balaa, mishale inatetemeka kama ina homa.

Na gari si lake. Ni la mwanangu wa kiume, mjomba wake, aliyempa afanyie biashara ya kamba wa baharini. Mjukuu wangu anawanunua Bagamoyo asubuhi, anawapeleka kwa wateja wake wa Kerege. Kwa kazi hiyo anamlea mwanawe peke yake, na mimi sioni haya kusema namjivunia. Sasa mjomba mtu kachoka. Kila mara anapigiwa simu, gari limesimama njiani, mshale unasema moto na injini ukiigusa haina neno. Akatoa kauli: Jumamosi anakuja kulichukua akaliuze.

"Mama, gari likishaingiwa na shetani halikai," akaniambia kwenye simu.

"Shetani gani huyo anayesubiri indiketa?"

Hakucheka.

Mafundi walishapita. Mmoja alibadilisha fyuzi. Mwingine akang'oa geji zote akaweka nyingine, zilizotoka kwenye gari kama lile. Ugonjwa ukabaki vilevile. Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Mimi shule niliishia darasa la pili, na umeme naujua wa kuwasha na kuzima. Lakini ukimtoa mgonjwa kitandani, ukamlaza mwingine, naye akashikwa na homa ileile, basi kitazame kitanda.

Ijumaa alasiri, baada ya kuswali, nikaenda kukaa kiti cha abiria. Nikamwambia mjukuu wangu awashe indiketa, azime, awashe tena.

"Bibi, unatazama nini?"

"Natazama upi unaanza kuondoka."

"Na upi unaanza?"

"Hakuna. Inaondoka pamoja kama imeambiana. Ugomvi wao ni na mtu mmoja."

Akazima indiketa, mkono juu ya usukani. Halafu akanieleza kuwa geji zote zile, na taa zake ndogo, zina waya mmoja wa kurudisha umeme kwenye mwili wa gari. Mafundi wanauita ethi. Umeme unaingia kwa njia nyingi, unatoka kwa hiyo moja. Ikiziba, umeme wa indiketa unahangaika, unapita kwenye njia za wenzake.

"Kama karo la maji machafu likijaa," nikasema. "Unaoga wewe, maji yanatokea jikoni kwangu."

"Hivyo hivyo."

"Sasa unangoja nini, mke mwenzangu? Tulitafute karo."

Akachukua kipande kirefu cha waya. Ncha moja akaiunga nyuma ya geji, kwenye ule waya wa ethi. Ya pili akanipa niibane kwenye chuma kitupu cha bawaba ya mlango.

"Hautanipiga?"

"Huo ni umeme wa betri, bibi, tena wa kurudi. Bana tu."

Nikabana, jicho moja nimelifumba. Akawasha indiketa. Mishale ikatulia tuli. Nikaachia, ikaondoka. Nikabana, ikasimama. Nikaachia tena, nikabana tena, mpaka akaniuliza kama nataka tulale mle garini. Nilikuwa sijamaliza kushangaa. Mzee kama mimi, chuma kinanitii.

Tukaufuata ule waya wa ethi kwa vidole. Ukateremka mpaka chini ya miguu yangu, ukaingia chini ya zulia. Akalifunua, harufu ya kamba ikatupiga wote wawili. Pale ndipo anapoweka ndoo zake zisipinduke, barafu ikiyeyuka inachuruzika. Bolti iliyoushika ule waya ilikuwa imeota kutu na unga wa kijani. Chumvi naijua, imekula misumari ya paa langu. Akafungua kwa spana, akasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi. Ndoo zikahamishiwa nyuma, ndani ya beseni.

Jumamosi mjomba akaja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ufunguo."

Akampa. Mjomba akakaa, akawasha indiketa ya kulia, ya kushoto, taa zote. Akaipiga dashibodi kofi. Mishale haikujali.

"Fundi gani huyu?"

"Mimi. Bibi alishika waya."

Akanitazama. "Mama?"

"Nilishika."

Akasema wazimu ule huja gari likishapata mwendo, twende Kerege. Akaendesha yeye. Njia nzima anawasha indiketa bila kukata kona, mpaka kijana wa bodaboda akatufikia dirishani: "Mzee, unakata wapi, baharini?"

Kerege akasimama kivulini, injini inaendelea kuwaka. Mshale wa joto ulikuwa katikati, umetulia. Akaukodolea macho kwa muda, mimi nyuma namtazama yeye. Kisha akateremka, akazunguka, akamfungulia mjukuu wangu mlango.

"Hamia kule kwa dereva."

Akatoa mfukoni ufunguo wa akiba, akamtia mkononi.

"Likisumbua tena usinipigie mimi," akasema. "Mpigie bibi yako."