Kifua cha Kyalo

Enzi zetu kule Matinyani, kifua kilikuwa ugonjwa wa Julai. Baridi ikishuka na ukungu kukataa kuondoka, watoto wote wa boma letu tulikohoa kama mbuzi waliomeza vumbi. Tulienda shule miguu mitupu, sweta zimetoboka viwiko, viazi vitamu vya kuchoma mfukoni. Vilikuwa chakula, na kabla ya kuliwa vilitupasha vidole. Jioni tulikuta nyungu ya isyo ikitokota, mahindi na maharagwe, na moshi umejaa jikoni hadi huoni aliyekaa mbele yako. Wanangu leo wakiguswa na moshi kidogo hukimbia nje wakishika macho, utadhani wametupiwa vitoa machozi. Sisi tulisomea humo humo.

Kaka yangu Kyalo ndiye aliyeteswa kuliko wote. Mama alichemsha majani ya mkaratusi, akamfunika na blanketi juu ya sufuria. Mvuke ukishindwa, alimpakata, mgongo wa Kyalo kwenye kifua chake, akapumua kwa sauti ili amfuate.

"Vuta na mimi, mwana wakwa. Usiharakishe. Sasa achilia."

Sisi wengine tukicheza kati uani, ule mchezo wa kukwepa mpira, tuliwasikia wawili hao wakipumua, na mpira wenyewe ukapoteza ladha. Kwa Kyalo dawa hiyo ilifaulu. Kwa Ndinda, binti wa jirani, haikufaulu. Tulimzika tukiwa darasa la pili, na hakuna mtu mzima aliyetueleza chochote. Kesho yake tulikaa wanne kwenye dawati la watu watano.

Kyalo alikua, kifua kikafunguka, akawa fundi wa mawe huko Nunguni. Mwaka jana, wakati wa baridi, alianza kukohoa. Mkewe Mueni alidhani ni vumbi la simiti. Alipofikishwa hospitalini midomo ilikuwa ya kijivu. Nimonia ilikuwa imeshika mapafu yote mawili. Walimtia usingizi kwa dawa, wakampitisha bomba kooni, mashine ikawa inamsukumia hewa. Hata hivyo oksijeni ilizidi kushuka.

Daktari alikuwa msichana wa rika la kifungua mimba wangu. Alitukuta kwenye benchi, akachuchumaa mbele ya mama, akamwita nyanya kwa Kikamba.

"Susu, mapafu ya Kyalo yanajikunja akitoa pumzi, na yakishajikunja yanakataa kufunguka. Kuna namna nyingine ya kuitumia ile mashine. Hapa hatuitumii mara nyingi. Itayashikilia yakiwa yamejaa, iyaachilie kidogo tu, kufumba na kufumbua, kisha iyajaze tena."

Mama aliuliza, "Sasa atakayepumua ni yeye, ama ni mashine?"

"Wote wawili, Susu. Akipata nguvu ya kuvuta mwenyewe, mashine haitamzuia. Kwa hivyo tutapunguza dawa ya usingizi. Lakini siwezi kuwaahidi kitu."

Mueni alinitazama. Kabla sijafungua mdomo, mama alisema, "Mjaribu."

Tulipoingia kumwona, kifua chake kilikuwa kimeinuka na kubaki juu, kama cha mtu aliyeshtuka asimalize kushtuka. Ghafla kilianguka, kikainuka tena. Katikati ya hapo niliona vipumzi vidogo, vyake mwenyewe. Mama alijaribu kupumua naye kama zamani, akashindwa. Ule mwendo haukuwa wa binadamu.

Lakini Kyalo alikuwa amefungua macho. Bomba lilimnyima sauti, basi mama akampa habari za nyumbani: mbaazi zimevunwa, yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mueni alimuuliza kama anasikia. Kyalo alimshika mkono, na machozi yakamtiririka hadi masikioni. Hakuuachilia mpaka nesi alipomwomba.

Oksijeni ilipanda kidogo, tukaanza kuambiana kwamba atatoka. Kisha figo zikakataa.

Siku hizi mtoto akikohoa hukimbizwa kliniki, na nashukuru. Wajukuu wangu wakisikia habari za blanketi na sufuria hucheka hadi wakaanguka, nami sitaki wazirudie siku zile. Ndinda angeishi leo. Ile mashine nayo sina ugomvi nayo. Bila hiyo, Mueni asingeangaliwa machoni na mumewe mara ya mwisho.

Ila enzi zile, hata pale tuliposhindwa, mgonjwa alikata roho akiwa mikononi mwa mtu. Kyalo alikufa asubuhi, milango ya wodi ikiwa imefungwa, sisi tukiwa nje kwenye foleni tukingoja saa ya kuona wagonjwa. Mama alikuwa akinieleza atakachomwambia leo.