Mstari walioutoa kwenye wimbo wetu wa duara, kompyuta imeurudisha

Wakuu, poleni na mihangaiko. Darasa la nne sikumaliza, herufi zikiruka mnisamehe. Ukweli wenyewe hauruki.

Miaka ile ya dhahabu, hapa Kewanja, nilikuwa mvuta kamba kwenye duara, yaani shimo la sisi wachimbaji wadogo. Mvuta kamba ndiye anaimba. Anataja jina, aliye chini anaitikia. Ukiitikia, uko hai.

Katikati tulichomeka kijembe cha mwenye duara, mzee tuliyemwita Karasha:

"Karasha leta miti, ukuta unakohoa."

Miti ya kuzuia ukuta. Alikisikia kila siku, anacheka tu.

Ukuta ukashuka. Mimi niliyekuwa mdomoni pa shimo nilivunjika mguu. Nikaimba majina nimelala hapo hapo.

Mwita hakuitikia. Juma wa Singida hakuitikia.

Karasha akawaambia wazee: "Hakuna aliyewahi kuniomba miti."

Baadaye shemeji yake, Mwalimu Magige, akachapa kitabu cha nyimbo za machimbo. Wimbo wetu umo. Mstari wa miti haumo! Nikamfuata. Akanijibu, "Wewe kusoma kwenyewe shida, utajuaje kilichoandikwa?"

Nilimeza maneno hayo miaka mingi.

Mwaka jana akaja binti mtafiti wa fasihi, Neema, na laptop. Kazi yake kukusanya nyimbo zetu: kaseti za zamani, memory card, chochote. Kuna software inapanga maneno ya kila rekodi sambamba na kitabu. Penye pengo panawaka nyekundu.

Kitabu cha Magige kikawaka sehemu moja tu. Mnaijua.

Kaseti moja ilirekodiwa duarani kwetu kabla ya ajali. Mwita yuko chini, anaitikia. Wakuu, nilitoka nje kwanza.

Nikamwonya, "Binti, Karasha ana watu."

"Baba, hii mashine haimjui Karasha."

Tukaipiga ile kaseti kwenye mkutano wa kitongoji. Magige akaruka: "Hiyo ni ya kutengeneza!"

Mama yake Mwita akasimama. "Mwalimu, sauti ya mwanangu utanifundisha wewe?"

Karasha akaanza kutafuta kofia yake.

Funzo langu: wimbo wako usimwachie mwenye kalamu peke yake. Rekodi, tunza.

Mwenye kaseti za duara za vijiji jirani, Nyangoto au Kerende, atupie hapa. Na wewe Magige, najua umo humu kwa ID ya kike. Karibu uchangie.