Muuguzi wa Pili Wodi ya Watoto

Masika yakianza, wodi ya watoto ilijaa malaria mpaka sakafuni. Watoto walitoka vijiji vya Namawala, Mofu, Mchombe, wamepakizwa kwenye baiskeli kupita mashamba ya mpunga yaliyojaa maji. Walilazwa wawili wawili kitandani, wengine kwenye mikeka. Mara nyingi zamu nzima muuguzi nilikuwa mimi peke yangu.

Asubuhi moja nilimtundikia damu mtoto wa kike kutoka Mofu. Mama yake alikuwa binti mdogo, khanga imemlowa mpaka kiunoni.

"Akianza kutetemeka, ujue damu inamkataa; niite haraka niifunge," nilimwambia.

Muda si mrefu mtoto mwingine, upande wa pili wa wodi, akashikwa na degedege. Nilikuwa nimemlaza ubavu, nafuta povu asipaliwe, niliposikia, "Nesi! Nesi, anatetemeka!"

"Nakuja, mama."

Sikuweza kumwacha yule wa degedege. Nilipofika, mtoto wa Mofu alikuwa ameshakata roho, na damu bado inaingia. Kuifunga ilikuwa kazi ya kidole kimoja tu.

Binti yule hakupiga kelele. Aliniuliza, "Si nilikuita?"

"Uliniita, mama."

Jumapili baada ya misa, sista wetu, muuguzi mkuu wa wodi, alituita wauguzi nyuma ya chumba cha kufulia. Alikuwa mama wa Kipogoro kutoka Mahenge, mnene, mwenye sauti ya chini, mwanakwaya. Akasema, "Habari ya mishahara tuiache leo. Mimi nataka mtu wa pili wodini." Pale pale tukaanzisha tawi la chama cha wafanyakazi, naye tukamchagua mwenyekiti.

Kesho yake tukaenda kwa katibu wa hospitali, kijana ambaye sista angeweza kumzaa. Alisimama kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Hapa si kiwanda cha sukari. Nesi akigoma ni mauaji."

"Hakuna aliyetaja mgomo," sista alijibu. "Mtoto amekufa wakati hakuna aliyegoma."

Katibu akatabasamu. Siku chache baadaye muuguzi wa pili akaletwa. Tulikumbatiana kwenye chumba cha chai, tukacheka kama watoto. Mimi nilikuwa wa kwanza kuuliza, "Umetokea wapi, dada?"

"Wodi ya wazazi," alisema, macho chini. "Mwenzangu nimemwacha peke yake."

Tulirudi kwa katibu. "Mliomba, nimewapa," alisema. "Au mnataka nimrudishe? Amueni wenyewe."

Hatukuamua. Tulikuwa tumeshaonja zamu ya watu wawili, na ilikuwa tamu. Wakunga wakaacha kutusalimu. Kabla masika hayajaisha, mzazi mmoja alitoka damu mpaka akafa, mkunga akiwa anampokea mtoto wa mwingine kitanda cha pili. Mkunga yule alikuja kwenye mkutano wa tawi na gauni la kazi lenye madoa, akasimama mbele yetu.

"Chama chenu ni cha watoto tu? Mama zao wafe?"

Ni sista peke yake aliyejibu. Alisema muuguzi arudi wodi ya wazazi, na tuombe upya, wodi zote kwa pamoja. Walionyoosha mikono ni wachache. Wengine tulitazama vidole vyetu vya miguu. Wiki hiyohiyo sista akahamishiwa zahanati ng'ambo ya mto. Aliondoka mchana, juu ya lori la magunia. Aliyemsindikiza ni yule mkunga.

Wauguzi waliongezwa baadaye, wodi zote mbili, wakati tawi limeshakufa. Katibu aliwatambulisha kwetu kama zawadi yake, tukapiga makofi.

Kiangazi nilivuka kwenda kumwona sista. Foleni ilifika nje ya mlango. Alikuwa anapima mimba, anachoma sindano, anafagia mwenyewe. Alikuwa amekonda mpaka gauni linamning'inia. Nilianza kumwambia kwamba wodini sasa tuko wengi.

"Vizuri," alisema. "Kama umekuja kusaidia, nawa mikono. Kama umekuja kuongea, nipishe mlangoni, wagonjwa wapite."

Nilinawa. Tulifanya kazi mpaka jua likashuka, na hakuniuliza habari za mtu yeyote.